Umefikia kwa Nani? Mgeni na Mlango wa Unguja

Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Maskati, Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, alifunga mkataba na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts. Wanahistoria huutaja wakizungumzia pembe za ndovu, sandarusi na nguo za merikani. Mimi huusoma kwa sababu nyingine. Ni moja ya hati za mwanzo zinazosema waziwazi mgeni wa mbali ataingiaje katika bandari zetu. Raia wa Marekani alipewa uhuru wa kuingia bandari yoyote ya Seyyid pamoja na shehena yake. Angelipa ushuru wa asilimia 5 kwa mali atakayoishusha, na baada ya hapo asidaiwe kitu kingine. Wamarekani wakigombana wao kwa wao, balozi mdogo wao ndiye atakayewaamua. Na kuna kifungu ambacho kila nikikisoma hunigusa: merikebu ya Kimarekani ikivunjika katika pwani ya Seyyid, walionusurika wapokewe na wakirimiwe kwa gharama ya Seyyid mwenyewe, mpaka wapate chombo cha kuwarudisha kwao.

Leo Mmarekani anayekuja Unguja kutembea analipa dola 100 za viza. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 analipa pia dola 44 za bima ya safari kwa Shirika la Bima la Zanzibar, hata kama anayo bima aliyoikata kwao. Silalamiki. Kila nchi ina haki ya kuweka masharti mlangoni kwake. Ninachotaka ni kueleza tulivyofika hapa, maana njia hiyo vijana wetu wengi hawaijui, wakiwamo wanaowapokea wageni uwanja wa ndege na bandarini kila siku ya Mungu.

Nimezaliwa Malindi, karibu na bandari, nikasomesha historia skuli za mjini hadi kustaafu. Babu yangu mzaa mama alikuwa karani wa forodha zama za Mwingereza, na bibi alikuwa akiwapangisha watu wa msimu vyumba vya uani. Kwa hiyo habari za mlango wa Unguja nilizisikia nyumbani kabla sijazikuta vitabuni, na vitabuni nikakuta sehemu tu ya niliyoyasikia.

Kaskazi ikianza kuvuma mwisho wa mwaka, majahazi yaliteremka kutoka Sur na Sohar, Shihr na Mukalla, Kuwait, pwani ya Uajemi, na Kutch huko India. Yalileta tende, chumvi, papa mkavu, mazulia na makasha ya njumu. Yalirudi na boriti za mikoko za Rufiji na Lamu, karafuu na nazi. Mji ulijaa. Funguni yote ilinuka papa na mafuta ya sifa. Huku watu wanashona matanga, kule wanakalafati. Wote hao walikuwa wageni, na hapana aliyewaandikia siku za kukaa. Upepo ndio uliopanga. Aliyekuja na kaskazi aliondoka kusi ikianza, mwezi wa Aprili au Mei. Aliyechelewa akangoja demani, na aliyekosa demani alijua kwamba yeye na Unguja mpaka mwakani.

Bibi alisema kwamba mgeni aliulizwa swali moja tu, iwe bandarini, dukani au barazani: umefikia kwa nani? Jibu lake ndilo lililomfungulia au kumfungia mji. Akitaja nyumba inayojulikana, mwenye duka alimkopesha mchele mpaka mali yake iuzwe. Akila deni na kujificha, mwenye duka hakuhangaika kumtafuta. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyeji wake, na mwenyeji alilipa au alimtoa. Akiugua, mwenyeji ndiye aliyemwita mganga. Akifa, mwenyeji alimwosha, alimsitiri, akaweka kasha lake mpaka watu wa kwao waje.

Kasha moja la namna hiyo lilikaa chini ya kitanda cha bibi msimu mzima. Mwenyewe alikuwa baharia wa Sur aliyekufa kwa homa katika chumba cha uani. Ndugu zake walipokuja na kaskazi iliyofuata, bibi aliwaita mashahidi wawili kutoka msikitini, akalifungua mbele yao na kuwahesabia kitu kimoja kimoja: kanzu, kofia, fedha zilizofungwa kitambaani, wembe wa kunyolea. Walimwomba achukue kitu kwa taabu yake. Alikataa. Nilipomuuliza kwa nini alikataa na hali ile nyumba haikuwa na kitu, alinijibu kuwa kama angechukua, msimu uliofuata asingekuwa mwenyeji wa mtu.

Baharia asiye na nyumba ya kufikia alilala jahazini, na hapo mdhamini wake alikuwa nahodha. Huyo ndiye aliyeitwa panapotokea ugomvi, na ndiye aliyejua nani kashuka na nani hajarudi. Hata serikali ya Seyyid ilifanya kazi kwa mtindo huohuo wa kujuana. Forodha haikuwa idara yenye makarani wa dola, ilikodishwa. Kwa miaka mingi ya karne ya 19 mkodishaji alikuwa nyumba ya Jairam Shivji, Mabaniani wa Kutch, waliolipa kodi kwa Seyyid kila mwaka na kukusanya ushuru kwa hesabu zao. Aliyekutoza ushuru asubuhi huenda ndiye aliyekukopesha mtaji jioni. Alijua una nini, unadaiwa na nani na baba yako aliwahi kulipa au hakulipa.

Aliyetaka kuvuka kwenda bara alihitaji zaidi ya hayo. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipoondoka mwaka 1857 walikuwa na barua za Seyyid Majid, mwana na mrithi wa Seyyid Said, na kiongozi wa msafara, Said bin Salim, aliyewekwa na dola. Barua zile ziliwafungulia nyumba za Waarabu huko Kazeh, ambako Snay bin Amir aliwapokea na kuwakirimu kwa wiki kadhaa. Lakini katika nchi ya Wagogo karatasi ya Seyyid haikuwa na nguvu. Pale mtemi alikuwa na maji na njia, na msafara ulitoa hongo ya nguo, ushanga na waya kwa kila mtawala uliyempita. Wasafiri wa Kizungu waliandika kwa hasira kuhusu hongo ile kana kwamba ni unyang'anyi. Mimi siioni hivyo. Mtu anayepita na mamia ya wapagazi, akinywa maji ya visima vya watu wakati wa kiangazi, alikuwa na wajibu wa kulipa, na aliyemlipisha alikuwa na haki ya kupanga bei.

Na sisi tulipokuwa wageni kwa watu? Mfano mzuri ni Sultana, merikebu ya Seyyid Said iliyojengwa Bombay. Iliondoka Unguja Februari 1840 ikiwa na karafuu, pembe, kahawa, tende, ngozi na mazulia, na tarehe 30 Aprili mwaka huohuo ikatia nanga New York. Mkuu wa safari alikuwa Ahmad bin Naaman al-Kaabi. Hapana aliyemuuliza viza, kwa sababu viza haikuwapo. Alichokuwa nacho ni barua za bwana wake, mkataba wa 1833, na nyumba ya wafanyabiashara wa mji ule iliyokabidhiwa shehena yake. Kwa lugha ya bibi yangu, alikuwa na alipofikia. Sultana ilifika imechakaa vibaya. Jeshi la majini la Marekani likaikarabati bila kutoza malipo. Wakuu wa mji walimkaribisha Ahmad na kumtembeza. Mchoraji Edward Mooney alimchora, na picha ile ipo hadi leo, mtu mzima mwenye kilemba na macho makini. Zawadi za Seyyid kwa Rais Martin Van Buren, wakiwamo farasi wawili, zilileta mjadala, kwa kuwa katiba yao inamkataza rais kupokea zawadi ya mfalme bila ridhaa ya bunge. Mwishowe farasi waliuzwa na fedha zikaingia hazina. Agosti, Sultana ikang'oa nanga kurudi nyumbani.

Nadhani sura ile inafaa kusomeshwa katika kila skuli ya Unguja. Watu wetu waliwahi kuingia New York kwa mlango wa mbele. Sheria ya kumtaka mgeni apate viza kwa balozi mdogo wa Marekani kabla hajapanda chombo ilikuja kuwa ya kudumu mwaka 1924. Tazama jinsi kazi ya balozi mdogo ilivyogeuka. Richard Waters, wa kwanza wao kukaa Unguja, alifika mwaka 1837 akiwa mfanyabiashara wa Salem, na kazi yake ilikuwa kuwalinda Wamarekani wenzake waliokuja kwetu. Waliomfuata duniani kote walikuja kuwa mabawabu: wanakaa katika nchi ya mtu na kumwambia kama anafaa kwenda kwao.

Lakini sitaki kuzipamba enzi za msimu. Mji huohuo uliomkirimu mgeni ulikuwa na soko la watumwa mpaka mwaka 1873. Hata baada ya soko kufungwa, watoto waliendelea kuibwa. Bibi alikumbuka mama yake akiwafungia ndani magharibi msimu ukiingia, kwa hofu kwamba mtoto aliyeonekana ufukoni peke yake huenda asirudi. Mwenyeji mwema alimdhamini mgeni mwema, na mwenyeji mwovu alimdhamini mwizi wa watu. Udhamini wa kujuana ulikuwa na nguvu kwa wenye nyumba na majina. Mtoto wa mtumwa hakuwa na wa kumsemea.

Hapo ndipo karatasi ilipoingia. Mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini, tarehe 2 Julai 1890, mkataba wa kupiga vita biashara ya watumwa, na sehemu yake kubwa inahusu majahazi ya bahari yetu. Jahazi lilitakiwa kuwa na hati ya bendera na orodha ya mabaharia. Nahodha aliyetaka kuchukua abiria weusi ilimbidi kwanza awapeleke mbele ya ofisa wa bandari. Wahojiwe, ihakikishwe kwamba wanasafiri kwa hiari yao, kisha waandikwe katika orodha maalumu, jina kwa jina, na kando ya kila jina ielezwe kama ni mwanamume au mwanamke na kimo chake. Mtoto mweusi asipakiwe ila akiwa na jamaa zake au mtu anayejulikana kwa uaminifu.

Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu wakisome kifungu kile polepole. Kwa upande mmoja kiliokoa watu, na aliyeokolewa ni binadamu mzima. Kwa upande mwingine kilimfanya Mwafrika kuwa msafiri wa kwanza katika bahari hii kuandikwa umbo lake ili aruhusiwe kupanda chombo. Mwarabu, Mhindi na Mzungu walipanda bila kupimwa kimo. Alama za mwili tunazozijaza leo katika fomu za safari, sisi wa pwani hii tulianza kuandikwa kwa nia njema, na tukaanza peke yetu.

Karatasi ikishakuwa na thamani, watu huitafuta. Wafaransa walikataa vyombo vyenye bendera yao kupekuliwa na manowari za Kiingereza, na wenye majahazi wa Sur wakagundua kwamba hati ya Kifaransa ni kinga kubwa. Walizipata katika makoloni ya Ufaransa na kwa mabalozi wake wadogo, na waliopakia watumwa chini ya bendera ile hawakuwa wachache. Ugomvi wa Uingereza na Ufaransa ukafika The Hague. Mahakama ya Usuluhishi ilitoa hukumu Agosti 1905: Ufaransa isingeweza kutoa bendera mpya kwa raia wa Maskati kama ilivyozoea, ila kwa waliokuwa chini ya ulinzi wake kabla ya mwaka 1863, na waliozipata kabla ya tarehe 2 Januari 1892 waendelee nazo wao wenyewe. Majaji wa Ulaya walikaa kuzungumzia karatasi za manahodha wa Sur! Ndivyo hati zilivyokuwa zimepanda bei.

Sababu ya pili ya mlango kubanwa ilikuwa maradhi. Kipindupindu kilichoingia mwaka 1869 na kuendelea hadi 1870 kiliua maelfu ya watu mjini, wakazikwa bila hata kuswaliwa vizuri. Daktari James Christie, aliyekuwa akimtibu Seyyid wa wakati ule, alifuatilia njia ya ugonjwa na kuchapisha kitabu chake mwaka 1876. Alionyesha kwamba safari hii haukuja na jahazi kutoka Arabuni kama watu walivyozoea kudhani. Ulipita nchi kavu, kupitia nchi ya Wamasai, ukatokea Pangani na ndipo ukavuka bahari. Hata hivyo, serikali zilizofuata ziliweka ulinzi wake baharini. Kisiwani Changuu, Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa serikali ya Unguja, alijenga jela katika miaka ya 1890, lakini jengo halikufanya kazi ya jela. Kisiwa kikawa karantini. Abiria wa vyombo vilivyoshukiwa walishushwa huko wakaangaliwa, na wasipoonekana na ugonjwa waliruhusiwa kuvuka kuingia mjini. Wageni wa leo huenda Changuu kuwalisha makobe, wakaambiwa ni kisiwa cha jela. Ingekuwa sahihi zaidi kuwaambia kwamba wamesimama katika chumba cha kungojea cha Afrika Mashariki.

Karantini ilipungua chanjo zilipokuja. Chanjo ya homa ya manjano ilipatikana mwaka 1937 kwa kazi ya Max Theiler, na cheti chake kikawa sehemu ya mizigo ya msafiri. Zamani tulibeba pia cheti cha ndui. Hicho kiliondoka duniani baada ya Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, kuugua Oktoba 1977 na kupona. Yeye ndiye mtu wa mwisho kupata ndui kwa njia ya kawaida, na ni mtu wa pwani yetu hii. Cheti cha homa ya manjano kimebaki. Tangu Julai 2016 kinatambuliwa kwa maisha yote badala ya miaka 10, na Tanzania inakitaka kwa anayetoka katika nchi zenye ugonjwa huo.

Pasipoti kama tunavyoijua ni zao la Vita Kuu ya Kwanza. Mataifa yalikutana Paris mwaka 1920 na kukubaliana juu ya umbo la kitabu chake, kurasa 32, na hatua iliyosemekana kuwa ya muda ikadumu. Unguja wakati huo ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu 1890. Waingereza hawakuupenda msimu. Watu wanaokuja kwa upepo, wasiojulikana idadi, wakilala katika nyumba za watu Malindi, waliwaona kama fujo inayotaka kupangwa. Babu alikuwa mmoja wa waliotumwa kuipanga. Alipanda jahazini na daftari, akaandika jina la chombo, la nahodha, bandari kilikotoka, mabaharia na abiria. Alisema tatizo lilikuwa hesabu: abiria waliokuwamo jahazi lilipong'oa nanga Shihr hawakuwa wote ndani lilipofika Unguja, kwa maana wengine walishushwa usiku katika vihori vya pwani. Alan Villiers, Mwaustralia aliyesafiri na jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasir al-Najdi mwaka 1938 na 1939 hadi Unguja na Rufiji, naye ameeleza jahazi lililosheheni Wahadhrami waliokuwa wakija kutafuta maisha huku.

Na hapa babu alikuwa na msimamo ambao ulikuwa ukimkera bibi. Bibi aliona daftari ni dharau kwa mwenyeji: kama mimi nimesema mtu huyu ni wangu, kuna haja gani ya kuandika? Babu alijibu kwamba daftari halijali kama una mwenyeji tajiri au maskini, aliyeandikwa kaandikwa. Nimeyapima maneno yao kwa miaka mingi na siwezi kumpa haki mmoja wao peke yake. Karatasi imemtetea asiye na ukoo. Msichana anayesafiri peke yake leo na pasipoti yake hahitaji mjomba wa kumsemea mlangoni, na hilo ni jambo kubwa.

Msimu ulikufa kwa sababu nyingi, mafuta ya Kuwait yakiwa mojawapo, lakini kwa Unguja kisu kilikuwa Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja na siku mbili baada ya uhuru. Majahazi ya kaskazi yaliyokuja baada ya hapo yalikuwa machache, na nyumba nyingi zilizokuwa zikiyapokea hazikuwa na wenyewe tena. Serikali mpya ilikuwa na hofu na maadui, na mlango ukafungwa huku na huku. Watalii wa nje waliingia kwa uangalizi. Sisi wenyewe hatukutoka bila kibali. Nilipochaguliwa kwenda kusoma Dar es Salaam, nilikaa katika benchi za ofisi kungoja karatasi ya kunivusha kwenda katika nchi ambayo tulikuwa tumeungana nayo tangu tarehe 26 Aprili 1964. Ndugu zetu wa Bara nao walitakiwa pasipoti kuingia Unguja, na sharti hilo lilidumu hadi miaka ya 1990. Wengi wa rika langu walioko Bara wana pasipoti zilizojaa mihuri ya Zanzibar na hazina muhuri wa nchi nyingine yoyote.

Mabadiliko yalianza miaka ya 1980, biashara ilipofunguliwa na karafuu ikawa haitoshi kuilisha nchi. Utalii ukaja na fedha za kigeni, na mgeni akageuka kuwa mapato. Tangu mwishoni mwa 2018 viza ya Tanzania inaombwa kwa mtandao: dola 50 kwa wengi, na dola 100 kwa Wamarekani. Mtu anajaza fomu sebuleni kwake na kulipa kwa kadi. Mpwa wangu, ambaye kazi yake ni kuwapokea wageni, hujua majina yao kutoka katika simu na huwasahau wakishapanda ndege. Simlaumu, ni wengi mno.

Ila ukizisoma fomu zenyewe utaona swali la bibi bado limo. Utafikia wapi? Nani amekualika? Nani atalipa ukiugua? Bima ya dola 44, inayogharamia tiba na kumrudisha mgeni kwao, ndiyo imechukua wajibu ambao Seyyid Said alijitwisha mwaka 1833 na ambao bibi aliubeba bila mkataba.

Kilichoharibika ni uzito wa jibu. Binti wa ndugu yangu aliomba viza ya nchi moja ya Ulaya ili ahudhurie harusi ya dada yake anayeishi huko kihalali. Alipeleka barua ya mwaliko, taarifa za benki, barua ya mwajiri, tiketi ya kurudi na bima ya yuro 30,000 kama wanavyotaka. Alirudishiwa karatasi yenye kisanduku kimoja kilichotiwa alama: hawakuridhika kwamba atarudi nyumbani. Ada haikurudishwa. Dada yake alikuwa tayari kusimama mbele ya ofisa yeyote na kusema, huyu ni wangu, akikosea nishikeni mimi. Hapakuwa na ofisa wa kumsikiliza. Zamani dhamana ya mtu wa mji ilimwingiza mgeni. Sasa barua ya dada ni kiambatisho, na nchi uliyozaliwa ndiyo inayoamua. Hilo nalihesabu kuwa dhulma, na sioni haya kulisema.

Nina ombi moja kwa wasomaji. Katika makasha ya wazee wenu zimo karatasi hizi: pasipoti za zama za Mwingereza, vibali vya kutoka Unguja, vyeti vya ndui, pasipoti za Bara zenye mihuri ya bandari ya Malindi. Watu wanazichoma wakisafisha nyumba baada ya msiba, wakidhani zimekwisha kazi. Msizichome. Zipelekeni Nyaraka za Taifa, Kilimani, na kabla hamjazipeleka mwulizeni mwenyewe, kama yu hai, alikuwa akienda wapi na alifikia kwa nani. Kisha andikeni jibu lake nyuma ya bahasha.